Jeraha la Pweza Lisidharauliwe

Mtu wa bara akiambiwa kwamba pweza huuma, hucheka. Yeye anamjua pweza wa kwenye supu tu. Lakini akina mama wa Kilwa, Mafia, Pemba na Mtwara, ambao wakati wa bamvua hutembea juu ya mwamba wakichokoa mapango kwa fito, wanajua kwamba mnyama huyu ana mdomo. Umefichika chini, katikati ya minyiri yake minane, nao ni mgumu na umepinda kama wa kasuku. Kwa mdomo huo pweza huvunja gamba la kaa, na mate yake yana sumu ya kumlegeza kaa huyo.

Zile alama nyekundu za mviringo zinazoachwa na minyiri mkononi si kitu. Huisha zenyewe baada ya siku chache. Jeraha la mdomo ni jambo jingine. Huwa ni tundu dogo lakini la kina, hutoa damu, huvimba, huwasha, na mara nyingi huchelewa kupona.

Wako wanaoogopa sumu yenyewe. Ni kweli kwamba katika bahari za Australia na Asia ya mashariki yuko pweza mdogo mwenye pete za buluu, ambaye sumu yake ni ileile ya samaki bunju. Mwaka 1954, huko Darwin, Australia, kijana mmoja aliumwa na pweza wa namna hiyo akafa siku ileile, kwa kuwa sumu hiyo huzuia kupumua. Pweza tunayemvua na kumla pwani kwetu si huyo. Kwetu hatari kubwa haimo katika mate ya pweza, bali katika uchafu unaoingia ndani ya tundu lile, na katika mambo tunayoyafanya baada ya kuumwa.

Tunafanya nini? Mmoja hupaka majivu, mwingine mafuta ya taa, mwingine hufungua kidonge cha rangi mbili na kumwaga unga wake juu ya kidonda. Kisha hufunga kitambaa kilekile alichofutia samaki. Hapo amekifunika kidonda bila kukisafisha, na vijidudu vya pepopunda hupenda mahali penye kina pasipofika hewa.

Utaniambia, “Mbona wazee wetu waliumwa wakapona?” Wengi walipona, nakubali. Lakini wale waliokufa kwa pepopunda hawapo leo kutusimulia.

Ukiumwa, fanya hivi:

1. Kandamiza kwa kitambaa safi mpaka damu ikatike.
2. Osha kwa sabuni na maji safi mengi, bila haraka.
3. Funga bandeji safi, na uibadilishe kila siku. Tundu la namna hii kwa kawaida halishonwi. Huachwa wazi lipone kutoka ndani.
4. Nenda zahanati siku hiyohiyo ukaulize juu ya chanjo ya pepopunda.

Rudi upesi ukiona wekundu unaenea, usaha, homa, mitoki kwapani, au ngozi inayobadilika kuwa nyeusi. Mwenye kisukari au ugonjwa wa ini asingoje dalili hizo, maana vijidudu vya maji ya bahari humshambulia vikali. Taya likikaza au kumeza kukiwa kugumu, hata wiki mbili au tatu baadaye, nenda hospitali bila kuchelewa hata saa moja.

Sasa neno langu kwa sisi wauguzi. Chanjo ya pepopunda tumezoea kuiona kuwa ni ya akina mama wajawazito. Je, bibi wa miaka sitini anayechokoa pweza, na kijana anayezamia, wao hawana damu? Anapokuja mtu wa pwani kwa shida yoyote, tumwulize kazi yake na chanjo zake. Asiyewahi kuchanjwa aanze, arudi baada ya wiki nne, kisha baada ya miezi sita.

Na kwa wanunuzi: pweza wa pwani yetu huuzwa hadi Ulaya. Anayepata faida hiyo hashindwi kuwapatia wavuvi wake glavu nene na sabuni. Seremala akikatwa na msumeno tunasema ameumia kazini. Mama aliyeumwa na pweza naye ameumia kazini.

Nawe mvuvi, muue pweza kwanza kabla ya kumshika, na usipitishe vidole chini ya minyiri yake. Mkono huo ndio unaolisha watoto wako; utunze.