Mpira wa mwanao mwache aupige mwenyewe

Msomaji mpendwa, hebu jiulize swali moja kabla ya kumaliza chai yako. Mara ya mwisho wewe na mwanao aliyekwisha kuwa mtu mzima mlikaa wawili kwa saa mbili ilikuwa lini? Sisemi arusini wala matangani. Nasema wawili tu, bila runinga, bila mgeni, bila simu kuita kila baada ya dakika.

Wengi wetu hatukumbuki. Mtoto hufika nyumbani Desemba jioni, akasalimia majirani, akala, akalala. Kesho yake gari linamngoja. Maneno mazito hubaki kifuani, naye mzazi hujiambia kwamba iko siku.

Leo nawaletea dawa ambayo huenda ikawachekesha: chezeni gofu pamoja. Najua wapo wanaoamini kwamba huo ni mchezo wa mabwanyenye. Hata kule kwetu Mau Narok tunajua ngano, shayiri, viazi na pareto kuliko gofu. Anayeutaka mchezo huo huteremka na barabara ya Egerton hadi Njoro, ambako kuna uwanja wa mashimo 9, au hufululiza hadi Nakuru kwenye uwanja wa mashimo 18. Lakini si lazima uwe bingwa. Mashimo 9 huchukua kama saa mbili kwa mwendo wa pole, na sehemu kubwa ya saa hizo ni kutembea tu bega kwa bega. Hapo ndipo ilipo dawa yenyewe. Watu wanaotembea hawatazamani usoni, na asiyetazamwa usoni huona wepesi wa kusema.

Gofu ina jambo jingine ambalo michezo mingi haina. Kijana wa miaka 28 akishindana mbio na babake wa miaka 60, hakuna mchezo hapo. Katika gofu kuna hendikapu, yaani hesabu ya mapigo anayoongezewa mchezaji dhaifu ili alingane na hodari. Tuseme hendikapu yako ni 28 na ya mwanao ni 18. Tofauti ni 10, kwa hivyo mkicheza mashimo 9 yeye atakupa mapigo 5, na kadi itawaonyesha mashimo magumu mnakoyatumia. Tangu mwaka 2020 hendikapu ya juu kabisa ni 54, kwa wanaume na wanawake, hivyo hata anayeanza ana nafasi yake. Kama hamna hendikapu, kubalianeni wenyewe. Ni mchezo unaowaweka mzazi na mtoto mizani moja.

Lakini mizani hiyo huvunjwa na mzazi mwenyewe. Nakiri kosa langu. Mara ya kwanza nilipompeleka binti yangu, kufikia shimo la tatu nilikuwa nimemrekebisha mara nne. Inamisha kichwa. Nyoosha mkono wa kushoto. Usiharakishe. Miguu iweke hivi. Akanyamaza kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Kedi wetu, mzee aliyebeba mikoba ya fimbo miaka mingi kuniliko mimi kucheza, aliniinamia akanong'ona: "Mzee, huu mpira ni wake."

Nilifunga mdomo. Akapiga vibaya, mpira ukaingia kwenye nyasi ndefu. Tukautafuta pamoja. Sheria za tangu mwaka 2019 zinawapa wachezaji dakika 3 za kutafuta, zamani zilikuwa 5, lakini siku hiyo hakuna aliyetazama saa. Alipoupata alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu akiwa shule ya msingi.

Katika shimo la saba, akiwa anafuta fimbo yake kwa kitambaa, akaniuliza bila kuinua macho: "Baba, nimesikia umeshawaonyesha ndugu zangu mipaka ya shamba. Mimi umeniweka wapi?"

Msomaji, ningeulizwa swali hilo sebuleni ningekohoa, nikamwita mamake alete chai. Pale hapakuwa na chai wala mlango wa kutokea. Kulikuwa na mashimo mawili ya kumaliza. Nilimwambia ukweli: "Mama, sikukuweka popote. Nilidhani utaolewa na mambo yako yatakuwa mjini." Hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba angependa kuulizwa. Nami nilijua kwamba Katiba ya 2010 haimbagui mtoto wa kike, wala Sheria ya Urithi haimbagui. Nilijua, ila sikuwa nimetaka kujua.

Sidai kwamba gofu ilimaliza shauri. Tuliwaita ndugu zake, tukakaa, tukazozana. Mmoja bado ananisalimia kwa ufupi. Lakini mipaka imepimwa upya nami ningali hai, badala ya watoto wangu kuipigania mahakamani juu ya kaburi langu.

Wapo baba na mwana waliopata umaarufu mkubwa kwa mchezo huu kule Scotland: Tom Morris mkubwa na mwanawe waliyeitana jina moja. Baba alitwaa ubingwa wa mashindano ya The Open miaka ya 1861, 1862, 1864 na 1867. Mwaka uliofuata mwanawe, akiwa na miaka 17, aliutwaa kutoka mikononi mwake, na akaushinda tena 1869, 1870 na 1872. Baba hakususa. Waliendelea kucheza pamoja wakiwa upande mmoja. Mnamo Septemba 1875 walikuwa wakicheza North Berwick dhidi ya ndugu wawili wa ukoo wa Park ilipofika simu ya maandishi kwamba mke wa kijana yu taabani katika uchungu wa uzazi. Mama na mtoto walifariki. Siku ya Krismasi mwaka huo huo kijana naye akafa, akiwa na miaka 24. Baba aliishi hadi 1908. Zaidi ya miaka 32 bila mwenzake wa uwanjani! Nikikumbuka hayo, siahirishi tena mchezo wangu na mtoto.

Basi ukiamua, fanya hivi. Piga simu kilabuni mapema uulize ada ya mgeni na kama kuna fimbo za kukodi. Vaeni shati lenye kola, maana viwanja vingi havipendi fulana wala jinzi. Chagueni saa ambayo hakuna mashindano. Mkiona walio nyuma wanawakaribia, wapisheni. Zimeni simu. Usimfundishe mwanao ila akikuuliza. Akipiga vizuri, msifu mara moja, inatosha. Na akinyamaza, nawe nyamaza. Huenda anatafuta pa kuanzia.

Nanyi wanafunzi, msingoje baba au mama awaalike. Wazazi wengi wanaogopa kukataliwa na watoto wao kuliko mnavyodhani. Na pasipo na uwanja wa gofu, tembeeni kuuzunguka mpaka wa shamba au mtaa wenu, mwendo ule ule wa pole.

Kadi ya siku ile ya Njoro sijui iliko. Ninachokumbuka ni kwamba binti yangu alinishinda kwa mapigo mawili, na kwamba njiani kupanda Mau Narok, ukungu ukiwa umeshashuka barabarani, yeye ndiye aliyeendesha gari.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.