Mgonjwa wa Kansa Hajaulizwa, Sisi Tumeshamjibia!



Mimi si mwanasiasa. Ni nesi, nina shahada ya uuguzi, na huu ni mwaka wa kumi na moja napiga zamu za usiku hapa Uingereza. Leo nina dukuduku na nitalitoa. Najua wengine litawaudhi, hasa wa ukoo wangu. Nawaomba radhi mapema, lakini sitalimeza tena.

Mwaka 2019 baba yangu mdogo aligundulika ana kansa ya mapafu, hatua ya nne. Alikuwa amekohoa miezi mingi na kukonda, akisema ni baridi ya huku. Alipopimwa, ugonjwa umeshafika kwenye mifupa. Daktari akamwambia kuna tiba ya kawaida, na kuna utafiti wa dawa mpya ambao anaweza kujiunga akipenda. Akapewa karatasi za maelezo, kurasa ishirini na ushei, Kiingereza kitupu. Kiingereza cha mzee kilikuwa cha kiwandani, cha kumtosha kazini na dukani, si cha kusomea karatasi zile. Akampa mwanawe amsomee. Mwanawe hakumsomea. Aliitisha kikao.

Vikao vyetu mnavijua. Huku tulikuwa sita sebuleni, Tanga wako kwenye simu, shangazi naye yuko hewani kutoka Muscat. "Wanataka kumfanya panya wa maabara." "Kama hiyo dawa ni nzuri, kwa nini watupe sisi kwanza?" "Hawa jamaa hawatoi kitu bure." Dakika arobaini, hukumu imetoka: hapana. Mzee alikuwa chumba cha juu amepumzika. Hakuna hata mmoja aliyepanda ngazi kumuuliza. Nesi wa utafiti alipopiga simu, kijana akapokea na kumjibia baba yake. Wiki mbili baadaye mzee akaniuliza, "Mwanangu, zile karatasi zimeishia wapi?" Nikamwambia, "Baba, wamesema haikufai."

Ndiyo, mimi. Nesi mwenye shahada. Nilinyamaza kikaoni kwa sababu wakubwa walikuwa wanaongea, kisha nikamdanganya mgonjwa. Alifariki baada ya miezi saba. Sisemi angejiunga angepona. Hakuna anayejua hilo, na anayekuahidi hivyo ni tapeli. Ninachosema ni kwamba pumzi zilikuwa zake, na hatukumuuliza.

Sasa tuje kwenye hoja. Wanaoogopa majaribio hawajaokota hofu yao barabarani. Kule Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili serikali iangalie ugonjwa unavyokwenda, hata baada ya penisilini kupatikana. Kano, Nigeria, mwaka 1996, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa ya Trovan kwa watoto wenye homa ya uti wa mgongo. Wazazi walisema hawakuelezwa kuwa yale ni majaribio. Kampuni ilikanusha kosa, lakini mwaka 2009 ikakubali kulipa dola milioni 75 kuimaliza kesi na jimbo la Kano. Haya yalitokea na tusiyasahau.

Lakini hebu tujiulize kwa utulivu, kosa la Tuskegee lilikuwa nini? Watu hawakuambiwa ukweli, wakanyimwa nafasi ya kuchagua. Na sisi pale sebuleni tulimfanyia nini mzee wetu? Hatukumwambia ukweli, tukamnyima nafasi ya kuchagua! Tunawalaani wale wa Tuskegee kwenye simu, halafu tunawaiga ghorofa moja chini ya kitanda cha mgonjwa. Tofauti ni kwamba sisi tunaita mapenzi.

Kuna porojo nyingine kwamba ukijiunga unapewa kidonge kitupu ufe huku wanakuangalia. Kwenye kansa iliyoenea, pakiwa na tiba inayojulikana, kawaida dawa mpya hulinganishwa na tiba hiyo, au huongezwa juu yake. Chukueni mfano wa utafiti wa KEYNOTE-024, ambao matokeo yake yalitoka 2016. Wagonjwa 305 wa kansa ya mapafu iliyoenea, waliochaguliwa kwa kipimo maalumu cha uvimbe wao, waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipata pembrolizumab, dawa inayoamsha kinga ya mwili ipambane na kansa, na la pili likapata kemotherapi ya kawaida. Waliokuwa kundi la kemotherapi, ugonjwa ukizidi, waliruhusiwa kuhamia dawa mpya. Baada ya miaka mitano, karibu 32 katika kila 100 wa kundi la dawa mpya walikuwa hai, na kundi la pili karibu 16. Wengi bado walikufa, sifichi. Na dawa hizi zina madhara, zinaweza kuchochea kinga ishambulie mapafu yenyewe, utumbo au tezi. Lakini leo dawa hiyo ni tiba ya kawaida kwa wagonjwa wa aina hiyo hapa Uingereza, kwa sababu kuna watu 305 walikubali.

Ubishi wetu unatugharimu kuliko tunavyodhani. Waasia ya Mashariki hawakukaa pembeni. Utafiti wa IPASS, uliochapishwa 2009, uliwahusisha wagonjwa 1,217 kutoka China, Japani, Thailand, Indonesia na nchi jirani. Ulionyesha kuwa kidonge cha gefitinib kinawafaa wenye mabadiliko fulani ya jeni kwenye uvimbe, na wasio nayo ni bora wapewe kemotherapi. Mabadiliko hayo yanaonekana zaidi kwa Waasia, na sasa mgonjwa wao anapimwa na kupewa kinachomfaa. Sisi je? Tumekaa barazani tunalinda heshima, halafu tunalalamika kuwa dawa zimetengenezwa bila kutuangalia. Watatuangalia wapi, ndugu zangu, na tumefunga mlango?

Na viongozi wetu wa nyumbani msidhani mmepona. Msituambie haiwezekani. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, wakiwemo watoto wa Bagamoyo, Korogwe na Kilifi, na mwaka 2021 Shirika la Afrika Duniani likaipitisha, nikisema hivyo namaanisha Shirika la Afya Duniani, maana kazi kubwa ilifanywa na Waafrika. Wataalamu tunao, kamati za maadili tunazo. Basi kwa nini kansa iwe ugonjwa wa kigogo kupandishwa ndege kwenda India, na mlalahoi kutibiwa kifua kikuu asichokuwa nacho hadi mapafu yaishe? Tudai majaribio zaidi ya dawa za kansa Ocean Road, Bugando, KCMC na Nairobi, tena kwa masharti yetu: karatasi za maelezo ziwe za Kiswahili cha kueleweka, na dawa ikifaulu mshiriki asiachwe mataani. Azimio la Helsinki la 1964, lililorekebishwa mara ya mwisho 2024, linataka mpango huo uwekwe kabla utafiti haujaanza.

Kwa nyinyi wenye mgonjwa leo, nawaomba haya. Dai mkalimani wa hospitali, asiwe mtoto wa mgonjwa. Uliza dawa hii inalinganishwa na nini, madhara yake ni yapi, safari za hospitali ni ngapi, na ikimsaidia ataendelea kuipata? Jueni pia kwamba kusaini si kujifunga, anaweza kujitoa siku yoyote na tiba yake ya kawaida ikaendelea. Na msikawie, maana majaribio mengi humtaka mgonjwa ambaye bado anajimudu. Mkikaa vikao vitatu, mlango umefungwa.

Halafu pandeni ngazi mkamuulize mwenyewe. Akisema hapana, hiyo ni hapana yake, iheshimuni. Akisema ndiyo, mchukulieni koti lake mumpeleke.

Mimi sikupanda. Nyinyi pandeni.

Naomba kutoa hoja.