Mamba wa Kifuani

Apitaye mbele ya marundo ya mitumba, iwe mjini Mbarara au sokoni Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, aghalabu huiona fulana yenye ukosi na mamba mdogo kifuani. Kwa ajili ya mamba huyo muuzaji hupandisha bei, na kijana huwa radhi kutoa hata fedha za madaftari. Yafaa basi tujue mamba huyu alitoka wapi.

Asili yake ni uwanja wa tenisi. Mwaka 1923, mjini Boston, Mfaransa René Lacoste aliahidiwa na nahodha wake sanduku la ngozi ya mamba iwapo angeshinda mchezo mmoja. Alishindwa, na sanduku hakulipata. Lakini kwa jinsi alivyong'ang'ania bila kumwachilia mpinzani, waandishi wa magazeti walimpa jina la mamba. Rafiki yake, Robert George, akamchorea mnyama huyo, naye akamtarizi kwenye koti lake la michezo. Mwaka 1927 alimshinda Bill Tilden huko Philadelphia, na Ufaransa ikatwaa Kombe la Davis kwa mara ya kwanza.

Zamani hizo wachezaji walivaa mashati ya mikono mirefu, yenye kulowa jasho na kubana bega. Lacoste alichagua fulana ya pamba iliyofumwa, yenye mikono mifupi na matundu madogo ya kupitisha hewa. Mwaka 1933, yeye na André Gillier, mwenye kiwanda cha nguo za kufumwa, wakaanza kuziuza, mamba akiwa kifuani.

Ninyi mvaao sare mwalijua jambo hili: tepe halinunuliwi dukani, hutanguliwa na kazi. Mamba naye alitanguliwa na jasho.

Kwa hiyo, mama au baba wa nyumba, ukishika fulana hiyo sokoni, mfunike mamba kwa kidole gumba. Igeuze ndani nje, utazame mishono ya mabegani. Uvute ukosi uone kama umelegea. Uinue kwenye mwanga uone kama kitambaa kimechakaa. Ikiwa ni nzima, lipa bei ya fulana. Ikiwa imechoka, mrudishie mwenyewe pamoja na mamba wake, na fedha zikanunue madaftari. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.