Mpondwe: Njia za panya zina wenyewe

KASESE – Mzigo wa Kongo ukitoka Mombasa hupita Uganda bila kulipiwa ushuru wa Uganda. Husafiri kwa dhamana ya forodha, ile bondi, na bondi hufutwa pale karatasi zinapoonyesha kuwa mzigo umetoka nchini. Kwa malori yanayopita Kasese na Bwera, pa kutokea ni Mpondwe. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi.

Udanganyifu unaanzia hapo. Sigara zilizoandikwa kuwa zimekwenda Kongo hurudi kidogo kidogo, kwa boda boda na vichwani mwa wabebaji, kupitia vivuko visivyo na ofisa. Zikifika madukani huuzwa kwa bei ambayo mfanyabiashara aliyelipa ushuru hawezi kuifikia hata akikubali kukosa faida. Upande wa pili, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika katika ripoti zao juu ya kakao na mbao za Beni zinazovushwa kuingia Uganda.

Mamlaka ya Mapato ya Uganda ilianza kufuatilia malori ya transiti kwa vifaa vya kielektroniki mwaka 2014, na mwaka 2017 mfumo ukaunganishwa na wa Kenya na Rwanda. Lakini kifaa hufuata lori. Lakiri ikishakatwa mpakani, kinachobaki ni macho ya wenyeji, na hapo siasa huingia.

Mwenyekiti wa LC1 ndiye anayejua ghala lipi hufunguliwa usiku. Mwaka 2018 wenyeviti hao walichaguliwa kwa mara ya kwanza tangu 2001, na kura ilipigwa kwa kujipanga mstari nyuma ya mgombea, mchana kweupe. Mwenye ghala anayewapa kazi vijana wa mtaa anaona nani kasimama wapi. Mwenyekiti naye anajua kuwa anaonwa.

Juu ya kijiji hali si nyepesi zaidi. Mwaka 2016 chama cha upinzani cha FDC kilizoa viti vingi vya ubunge Kasese. Novemba mwaka huo huo vikosi vya serikali vilivamia kasri la mfalme wa Rwenzururu, watu zaidi ya 100 wakauawa. Mwaka 2021 NRM ilirudisha viti vingi. Katika wilaya yenye kidonda kama hicho, mgombea gani atapanda jukwaani Bwera kusifu msako wa watu wenye bunduki?

Badala yake atamtetea mama anayevuka na ndoo ya maharage, na ana haki. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni ndugu, mto umewakuta pale. Tatizo ni kwamba ngao ya mama huyo humfunika pia tajiri wa jumla, ambaye mzigo wake umegawanywa makusudi ufanane na ndoo za akina mama.

Usiku wa Juni 16, 2023, waasi wa ADF walishambulia Shule ya Sekondari Lhubiriha, kama kilomita mbili kutoka mpakani, na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Baada ya msiba wa namna hiyo kila mtu hudai doria. Lakini doria ikikazwa bila kugusa wenye maghala, gharama ya kuvushwa hupanda, na anayeimudu ni yule mkubwa. Mama wa maharage hukamatwa.

Barabara ya Kasindi hadi Beni, kilomita 80, ilizinduliwa na Marais Museveni na Tshisekedi Juni 16, 2021, na Kongo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Barabara nzuri itapunguza nauli ya mzigo halali. Itapunguza ya magendo pia, kama tofauti ya kodi kati ya pande mbili itabaki.

Kwa msafirishaji, hatari iko karibu zaidi: bondi isipofutwa, mwenye dhamana ndiye hudaiwa, naye atamgeukia mwenye lori. Mwenye lori asiondoke Mpondwe na karatasi ya kutoka Uganda peke yake. Adai na ya kuingia Kasindi.