Kliniki Ikifungwa, Mgonjwa Bado ni Wako

Daktari wa pua, koo na masikio hana namna ya kutibu akiwa mbali. Humwambia mgonjwa apanue kinywa, akainama kutazama. Hupenyeza kamera puani, na mgonjwa humpigia chafya usoni. Virusi vya UVIKO-19 vilijazana hasa huko nyuma ya pua na kooni, ndiyo maana sampuli ya kipimo ilichukuliwa kwa kijiti kilichosukumwa puani hadi mgonjwa akatoa machozi. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza janga tarehe 11 Machi 2020, hakukuwa na madaktari wengi waliokaa karibu na hatari kuliko hawa.

Tarehe 28 Machi mwaka huo alifariki nchini Uingereza Amged El-Hawrani, mzaliwa wa Sudan mwenye umri wa miaka 55, daktari bingwa wa fani hii katika Hospitali ya Queen's mjini Burton. Alikuwa miongoni mwa madaktari wa kwanza nchini humo kufa kwa ugonjwa huo, wakati ambapo hospitali nyingi zilikuwa zikilalamikia uhaba wa barakoa na mavazi ya kujikinga. Msiba wa aina hiyo ungeweza kuwa sababu tosha ya idara nzima kufunga milango. Waliojua wajibu wao walibadili namna ya kufanya kazi, na kazi ikaendelea.

Mabadiliko yenyewe yalikuwa madogo na ya kuchosha. Ganzi ya pua iliyozoeleka kupulizwa ilianza kuwekwa kwa pamba iliyolowanishwa, ili matone yasiruke hewani. Mgonjwa alifunikwa mdomo wakati pua ikichunguzwa, na daktari akatazama kwenye skrini badala ya kusogeza jicho karibu. Upasuaji wa kukereza mfupa wa nyuma ya sikio kwa mashine ya kasi uliahirishwa pale usaha haukuwa ukitishia ubongo. Aliyetokwa na damu puani aliwekewa kizibo kinachoyeyuka chenyewe, asilazimike kurudi hospitalini kuondolewa. Kwa aliyehitaji kutobolewa koo apumue, timu ilikuwa ya watu wachache, wote wazoefu, na mashine ya kupumulia ilisimamishwa kwa muda kabla kisu hakijafika kwenye bomba la hewa. Miongozo mingi ilitaka kwanza zipite siku 10 hadi 14 mgonjwa akiwa kwenye mashine, ikiwa hali yake iliruhusu.

Wapo pia waliotimiza wajibu kwa kusema. Tarehe 20 Machi 2020 Claire Hopkins, aliyeongoza chama cha Waingereza wanaoshughulikia magonjwa ya pua, na Nirmal Kumar wa ENT UK, chama cha madaktari wa fani hii, walitangaza kwamba mtu mzima anayepoteza ghafla uwezo wa kunusa ajitenge siku 7, hata kama hana homa wala kikohozi. Serikali yao iliiingiza dalili hiyo kwenye orodha rasmi tarehe 18 Mei. Karibu miezi miwili! Katika muda huo aliyeshindwa kunusa harufu ya kahawa yake aliendelea kupanda basi.

Lakini tahariri hii haikuandikwa kwa ajili ya pongezi. Kuahirisha matibabu ni uamuzi wa kitabibu kama kuandika dawa, na aliyeuamua anawajibika kwa matokeo yake. Mtoto aliyemeza betri ya duara hasubiri: ndani ya saa mbili inaweza kuunguza umio. Aliyepoteza usikivu ghafla kwa sababu neva imedhurika anahitaji dawa mapema, maana wiki chache zikipita faida yake hupungua sana. Na mvuta sigara ambaye sauti imemkwaruza kwa mwezi mzima huenda ana saratani ya koo, ambayo haikutangaza likizo.

Uingereza ilitumia kikokotoo cha hatari ya saratani ya kichwa na shingo: daktari aliuliza maswali kwa simu, kisha akaamua nani aitwe haraka na nani asubiri. Njia nzuri. Ila itazameni kwa makini. Kliniki ya simu ilipelekwa kwa wagonjwa ambao wengi wao hawasikii vizuri au hawana sauti ya kujieleza. Mzee kiziwi ataitikiaje? Barakoa nayo ilimnyima midomo aliyozoea kuisoma. Kwetu Afrika Mashariki ongezeni kwamba simu yenyewe pengine ni ya jirani, na madaktari bingwa wa fani hii wamejaa mijini huku mgonjwa akisubiri mazao yauzwe apate nauli. Kumwambia huyo "utapigiwa" kisha kutompigia ni kumtelekeza, hata kama jina lake limeandikwa vizuri kwenye daftari.

India ilifundisha upande mwingine wa somo. Katika wimbi la mwaka 2021, kuvu hatari ilishambulia pua, macho na taya za watu waliokuwa wamepata UVIKO-19, wengi wao wakiwa na kisukari au wakiwa wametumia dawa za steroidi. Hadi mwisho wa Juni wagonjwa walikuwa wamepita 40,000, na dawa ya amfoterisini ikaadimika. Nyama iliyooza ilipaswa kukatwa upesi, na wakataji walikuwa madaktari hawa hawa, puani mwa watu waliotoka tu kuugua. Hapo tahadhari peke yake isingemwokoa mtu.

Wajibu wa kuendelea kutibu hauwezi kudaiwa kutoka kwa daktari aliyeachwa bila kinga. Madaktari wa Kenya walipogoma Desemba 2020, madai yao yalihusu vifaa vya kujikinga na bima. Walistahili kupewa kabla hawajagoma. Serikali inayomwita daktari shujaa huku stoo yake haina barakoa inamtumia vibaya, na mazishi yenye hotuba ndefu hayafuti deni hilo.

Tunadai, basi, jambo linaloweza kukaguliwa. Kila hospitali ya rufaa yenye idara hii iwe na waraka uliosainiwa, unaotaja magonjwa yasiyoahirishwa kwa hali yoyote, akiba ya barakoa iliyopo leo, na mtumishi mwenye jukumu la kuwafuatilia walioahirishwa, kwa simu, kwa ujumbe wa maandishi au kupitia mhudumu wa afya wa kijijini. Wizara iuombe waraka huo kabla ya kupitisha bajeti ijayo ya hospitali. Mganga mfawidhi asiye nao ahojiwe sasa, wakati kliniki ziko wazi na orodha bado inaweza kuandikwa bila haraka.