Ushuru wa nyumba unalipa, lakini ushago utajenga kwa hati ya nani?

Kila mwezi asilimia 1.5 ya mshahara wako huenda kwa ushuru wa nyumba. Ukilipwa Sh40,000, hiyo ni Sh600, na mwajiri anaongeza Sh600 nyingine. Lakini vijana wengi walioajiriwa Nairobi au Eldoret hawaoti kununua nyumba ya ghorofani. Wanataka kujenga ushago. Je, nani hasa anahitimu kupata mkopo wa kujenga kijijini?

Kwenye karatasi mambo yanapendeza. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inapanga watu kwa kipato: walio chini ya Sh20,000 kwa mwezi, wa kati ya Sh20,000 na Sh149,000, na walio juu ya hapo. Halafu kuna kundi la nne, nyumba za bei nafuu za mashambani. Hilo halitaji mshahara. Linataja mahali tu, yaani eneo lolote lisilo mji.

Mshahara basi si kizuizi? Subiri kwanza. Mkopeshaji ana swali lake: hati miliki iko kwa jina la nani?

Chukua Elgeyo Marakwet. Kaunti hii imepangwa kama ngazi: nyanda za juu kule Iten na Kapsowar, kisha mteremko mkali, kisha Bonde la Kerio. Mteremkoni na bondeni, maeneo mengi bado ni ardhi ya ukoo. Kila mtu anajua mpaka wa jirani yake, wazee wanaujua zaidi, lakini benki haiwezi kushika neno la mzee kama dhamana. Kijana wa huko anaweza kuwa na kazi nzuri na shamba ambalo hakuna anayelipinga, na bado aambiwe hahitimu.

Juu, penye hati, tatizo ni lingine: hati nyingi zingali kwa jina la babu aliyefariki. Hapo lazima familia ifungue mirathi, ianze na barua ya chifu, iende kortini, na kwa kawaida isubiri miezi sita kabla ya usimamizi kuthibitishwa. Baadaye ardhi igawanywe. Na kwa kuwa ni ardhi ya kilimo, bodi ya kudhibiti ardhi lazima iidhinishe mgawanyo huo, na iidhinishe tena ukitaka kuiweka rehani. Kama ni boma la ndoa, mume au mke lazima akubali pia. Ndugu mmoja akigoma, mkopo umekwama.

Tena kuna mlima wenyewe. Maporomoko ya Chesongoch ya Novemba 2025 yaliua makumi ya watu na kufagia maboma. Mkopeshaji akiona mteremko kama huo, ataogopa, na hatuwezi kumlaumu kwa hilo.

Ndiyo maana takwimu za mikopo ya nyumba hazishangazi. Kwa hesabu za Benki Kuu, nchi nzima ina takriban mikopo 30,000 tu ya nyumba kutoka kwa benki, ilhali sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 47. Serikali ilianzisha kampuni ya KMRC mwaka wa 2018 ili benki na Sacco zipate pesa za bei nafuu na kukopesha kwa riba ya chini ya asilimia 10. Riba imeshuka, sawa. Lakini riba nafuu haimfai asiye na hati.

Wengi basi hukimbilia Sacco: unaweka akiba, unatafuta wadhamini, unakopa mara tatu ya akiba yako. Hakuna anayeulizia hati ya babu. Shida ni kwamba muda wa kulipa ni mfupi na makato yanauma, ndiyo maana nyumba za ushago hujengwa kidogo kidogo, msingi mwaka huu, mabati mwaka ujao.

Serikali ikitaka kundi hili la nne liwe na maana, isianze na riba. Ianze na upimaji wa ardhi na kurahisisha mirathi isiyo na mzozo. Pesa za ushuru zijengazo ghorofa mjini hazitamfikia mkazi wa mteremkoni hadi kipande chake kiwe na nambari.

Na wewe unayelipa ushuru huo, ulizia hati nyumbani wazee wakiwa hai. Ikigawanywa, weka rehani kipande chako pekee. Usikubali shamba zima la familia lisimamie mkopo wa mtu mmoja, kwa sababu kazi ya Nairobi ikiisha ghafla, atakayehamishwa si wewe. Ni nyanya yako.