Kisindhi na mlango wa ajira

Mwaka 1957 Chuo Kikuu cha Karachi, nchini Pakistan, kiliwakataza wanafunzi kujibu mitihani kwa Kisindhi, lugha ya eneo la Sindh. Hakikuchomwa kitabu, hakufungwa mshairi, lakini mzazi wa Kisindhi alielewa mara moja: mtoto anayetaka shahada aanze mapema kuiweka kando lugha ya mama.

Na haikuwa lugha changa. Waingereza walipoiteka Sindh mwaka 1843 waliyakuta mashairi ya Shah Abdul Latif Bhittai, aliyefariki 1752, yakiimbwa huko. Miaka kumi baadaye wakairasimishia hati ya herufi 52 zenye asili ya Kiarabu. Hata Muhammad Siddique Musafir, ambaye baba yake alipelekwa Sindh utumwani kutoka Afrika Mashariki, alikuja kuwa mwandishi wa Kisindhi anayeheshimika.

Pakistan ilipozaliwa 1947, viongozi wake waliamini kwamba taifa moja ni lugha moja, yaani Kiurdu. Wabengali wa Pakistan ya Mashariki walikataa, na Februari 1952 polisi wakawapiga risasi waandamanaji mjini Dhaka. Sindh nayo ilifutwa kama jimbo kuanzia 1955 hadi 1970. Kiurdu kikakaa juu ya lugha zote, ingawa mpaka leo ni lugha ya kwanza ya chini ya mtu mmoja kati ya kumi nchini humo.

Julai 1972, jimbo likiwa limerudi, bunge lake lilipitisha sheria ya kukikuza Kisindhi, na damu ikamwagika Karachi. Hofu ya wasemaji wa Kiurdu ilikuwa na msingi: familia zilizohamia kutoka India ziliona kazi za serikali zikiwaponyoka. Rais Zulfikar Ali Bhutto akalazimika kutoa muhula wa miaka 12, ambamo hakuna atakayenyimwa kazi kwa kutojua mojawapo ya lugha hizo mbili. Ugomvi, kwa sehemu kubwa, ulikuwa wa ajira.

Ndiyo maana ruhusa ya Katiba ya 1973, kwamba jimbo linaweza kufundisha na kutumia lugha yake sambamba na ile ya taifa, haitoshi. Kisindhi kina shule, magazeti na televisheni, lakini mtihani wa kuingia utumishi wa juu wa serikali hufanywa kwa Kiingereza. Kijana wa Sukkur, mji wa Sindh, anastahili kuujibu kwa lugha yake. India, ambako Wasindhi hawana hata jimbo, ilikiingiza Kisindhi katika Katiba mwaka 1967, na mtahiniwa wa utumishi wa umma huko anaruhusiwa kuandika majibu yake kwa Kisindhi.